Kurudia njia yenye iliachwa katikati

Katika milima ya mashariki ya Marekani, maelfu ya watu wanaanza kila mwaka safari ya miguu ya kilometre 3.500. Wengi wanaiacha katikati. Lakini kuko wenye wanarudi, hata kisha miaka kumi, kutafuta pahali penyewe walisimama. Wanajitayarisha namna gani?

Kwetu kutembea kwa miguu si muchezo. Mama anatembea juu ya kwenda shambani, mutoto juu ya kwenda ku masomo, baba juu ya kwenda kazini siku gari inakosekana. Basi mutu akisikia kwamba katika inchi tajiri watu wanaacha gari kwenye lupango na kutembea miezi sita katika musitu kwa mapenzi yao wenyewe, atacheka na kuuliza: « Banakosa kazi ya kufanya? »

Ni ulizo la haki. Lakini tusicheke mbio sana. Kwa watu hao tunaweza kujifunza jambo moja lenye linatufaa sisi wote, wazazi na vijana: namna gani mutu anarudia kazi yenye ilimushinda, bila haya na bila kujidanganya.

NJIA YENYEWE

Njia hiyo inaitwa Appalachian Trail. Inapita juu ya milima ya Appalachian, kutoka mulima Springer katika jimbo la Georgia, kusini, mpaka mulima Katahdin katika jimbo la Maine, kaskazini, lenye linapakana na Canada. Inapita katika majimbo 14. Kwa kufahamu urefu wake: kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometre 120 hivi. Uhesabu kwenda na kurudi karibu mara 15, kwa miguu, muzigo mugongoni, kupanda na kushuka bila mwisho.

Mwaka 1921, Benton MacKaye, mutu mwenye alisomea kazi ya misitu, aliandika wazo lake katika gazeti: watu wa miji na wa viwanda wapate pahali pa kupumua hewa nzuri. Njia yote ikafunguliwa mwaka 1937. Mpaka leo vikundi karibu 30 vya watu wa kujitolea ndivyo vinakata majani, vinaondoa miti yenye imeanguka na kutengeneza madaraja. Hawalipwi. Ni kazi ya mikono sawa salongo, lakini juu ya mulima.

Mutembezi anafuata alama ya rangi nyeupe, upana wa sentimetre 5, urefu wa sentimetre 15, kwenye miti na kwenye mawe. Kuko pia vibanda zaidi ya 250 vya kulala. Kibanda ni kuta tatu na paa. Upande wa ine hauna kitu, baridi inaingia tu.

Kuko pahali pamoja pa njia hiyo penye watu wa inchi ya shaba wataelewa kuliko wageni wengine. Ni karibu na muji wa Palmerton, katika jimbo la Pennsylvania. Kiwanda cha kuyeyusha zinki kilianza kule mwaka 1898, na uyeyushaji ule ukasimama mwaka 1980. Moshi wake uliua miti ya mulima wote wa pembeni. Zinki, risasi na kadmiumu zikabaki katika udongo. Mwaka 1983 serikali ikatia eneo lile kwenye liste ya mahali pa sumu penye kusafishwa. Miaka mingi kisha, watu wakaanza kupanda majani yenye yanaweza kuvumilia udongo ule, na leo mulima unavaa tena nguo ya kijani, pole pole. Watembezi wanapita pale kwa kupanda juu ya mawe matupu. Mwenye anajua vilima vya pembeni ya viwanda vyetu vya zamani, hakuna lazima ya kumueleza zaidi.

SABABU GANI WANAACHA

Shirika lenye linachunga njia hiyo, Appalachian Trail Conservancy, linasema kwamba kati ya watu 4 wenye wanaanza kwa nia ya kutembea njia yote katika mwaka mumoja, karibu 1 tu anafika. Wale wengine watatu si wavivu. Mumoja goti linavimba. Mwingine pesa inaisha. Mwingine anapata habari kwamba mama yake ni mugonjwa. Mwingine tena mvua inamupiga siku kumi, anakuwa peke yake, moyo unavunjika, na asubuhi moja anashuka kwenye barabara na kutafuta bisi ya kurudia kwao.

Kuko pia mambo yenye haitoki kwa mutu mwenyewe. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watembezi waliombwa kuacha njia na kurudi nyumbani. Katika mwezi wa kenda wa mwaka 2024, zoruba kubwa yenye iliitwa Helene iliangusha miti mingi sana na kubeba madaraja katika sehemu ya kusini. Watu wenye walikuwa na mipango yote tayari wakabaki nyumbani.

Taabu inaanza kisha kurudi. Majirani wanauliza: « Ulifika? » Na mutu anajua kwamba katika karte yake kumebaki mashimo: kipande hapa Virginia, kipande kule Maine. Wengine wanaficha karte ile ndani ya sanduku. Wengine wanaitoa tena.

MAMA MWENYE ALIRUDI

Emma Gatewood alizaliwa mwaka 1887 katika jimbo la Ohio, katika familia ya wakulima. Alizaa watoto 11. Kwa miaka mingi bwana wake alikuwa anamupiga, mpaka karibu na mwaka 1941 wakaachana mbele ya sheria. Watoto walipokuwa wakubwa, alisoma katika gazeti moja habari ya Appalachian Trail. Hakuna mwanamuke mwenye alikuwa amekwisha kuitembea yote peke yake katika musimu mumoja. Akasema moyoni: kwa nini si mimi?

Mwaka 1954, akiwa na miaka 66, alienda Maine na kuanza upande wa kaskazini. Upande ule pori ni nene na vijiji ni haba. Kisha siku chache tu akapotea njia, miwani yake ikavunjika, chakula kikaisha. Wachungaji wa musitu wakamushauri arudi nyumbani. Alirudi Ohio, hakueleza watu kitu.

Hakukaa na kulia. Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 1955 alianza tena, lakini sasa kwa upande mwingine, kusini, katika Georgia. Wakati ule njia ilikuwa inaanzia mulima Oglethorpe. Watoto wake aliwaambia tu kwamba anaenda kutembea. Hakuwa na saki ya duka: alishona mwenyewe mufuko wa kitambaa kigumu na kuubeba begani. Ndani yake blanketi, koti la mvua, na rido ya plastiki ya kujifunika mvua ikinyesha. Miguuni viatu vyepesi vya turubai. Chakula chake: kalanga, zabibu kavu, sosisi za kopo, na chochote watu wa njiani walimupa.

Katika mwezi wa munane zoruba mbili, Connie na Diane, zilileta mafuriko makubwa mashariki ya Marekani. Mama yule akaendelea. Tarehe 25 mwezi wa kenda, kisha siku 146, alifika juu ya Katahdin. Alikuwa na miaka 67.

Mwaka 1957 alitembea njia yote mara ya pili. Mwaka 1964, karibu na miaka 77, alimaliza mara ya tatu. Lakini mara hiyo hakufanya kwa mwendo mumoja. Aliikata vipande vipande. Akawa mutu wa kwanza kumaliza njia ile mara tatu. Alikufa mwaka 1973.

Tuangalie vizuri kitu gani kilibadilika kati ya mwaka 1954 na 1955. Miguu ilikuwa ile ile, na umri uliongezeka. Lakini alibadilisha pahali pa kuanzia, na alibadilisha wakati. Mutu mwenye kushindwa akirudia kitu kile kile kwa namna ile ile, mara nyingi atashindwa tena.

KIPANDE NI KIPANDE

Wengi wanawaza kwamba mutu mwenye aliacha kwenye kilometre 2.000 ni lazima aanze tena kwenye zero. Hapana. Shirika la njia linapokea kila mutu mwenye ametembea urefu wote, hata akifanya kwa miaka ishirini, hata kama vipande havikufuatana. Haliangalii mbio wala upande. Hakuna mukubwa wa kuhakikisha. Mutu anaandika yeye mwenyewe kwamba amemaliza, na wanamuamini. Kwa hiyo mwenye kudanganya anajidanganya yeye mwenyewe tu.

Katika Ispania ni karibu vile. Njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela, yenye wengi wanaianzia Saint-Jean-Pied-de-Port katika Ufaransa, ni kilometre karibu 780. Mahujaji wanabeba kitabu kidogo chenye kupigwa muhuri pahali wanalala. Familia nyingi za Ulaya hazina mwezi muzima wa kutembea. Wanafanya juma moja mwaka huu, wanaweka kitabu ndani ya sanduku, na mwaka kesho wanaanzia pahali penye muhuri wa mwisho unaonyesha.

Kidogo kidogo ndege anajenga nyumba yake.

MUPANGO WA KURUDI

Hapa sasa tuone kazi yenyewe. Watembezi wenye kumaliza vipande vyao vya zamani wanafuata mambo haya.

1. Kusema kwanza nyumbani. Mbele ya kununua kitu, bwana na bibi wanakaa na kuhesabu. Pesa ya masomo ya watoto isiguswe. Nani atabaki na wazee? Nani atachunga nyumba? Watu wengi waliacha njia mara ya kwanza si juu ya mulima, ni juu ya matatizo ya nyumbani yenye hayakupangwa.

2. Kuandika mashimo. Kwa kila kipande chenye kimebaki wanaandika: kinaanzia barabara gani, kinaishia wapi, ni kilometre ngapi. « Karibu na muto fulani » haitoshi. Mwenye hajui pahali penyewe alisimama, atarudia njia yenye amekwisha kutembea, ao ataacha kilometre tano nyuma bila kujua.

3. Kuandika pia sababu ya kuacha. Goti? Basi safari inayokuja iwe na siku fupi na muzigo mudogo. Upweke? Basi atafute mwenzake. Pesa? Basi achague kipande cha karibu na nyumbani. Hii ndiyo mustari wenye watu wengi wanaruka, na ndiyo yenye faida kuliko yote.

4. Kuchagua wakati. Kule majira si sawa na yetu ya mvua na kiangazi. Georgia ni nzuri kuanzia mwezi wa ine. Maine katika mwezi wa tano ingali na matope na vijidudu vyeusi vyenye kuuma sana. Ni vizuri kungoja mpaka mwezi wa saba. Tena mulima Katahdin, karibu na tarehe 15 mwezi wa kumi, kambi za kulala pale chini zinafungwa na baridi inakuja. Katika New Hampshire, njia inapita juu ya mulima Washington, wenye urefu wa metre 1.917. Kule, mwaka 1934, walipima upepo wa kilometre 372 kwa saa. Upepo wa namna ile unabeba mutu sawa jani.

5. Kuhesabu siku bila kujisifu. Tuseme kipande ni kilometre 180. Mutu wa kawaida, na muzigo, anaweza kufanya kilometre 18 kwa siku. Ni siku 10. Anaongeza siku 1 ya kupumuzika na siku 1 ya mvua mbaya: 12. Anaongeza siku 2 za kwenda na kurudi: 14. Kama konje yake ni siku 8 tu, asilazimishe. Atoe siku 2 za safari na siku 1 ya mvua: kunabaki 5, maana yake kilometre 90. Nusu ya kipande imeisha vizuri, nusu ingine itangoja. Mwenye kujilazimisha kilometre 36 kwa siku ataacha tena, na mara hii shimo litakuwa ndani ya moyo.

6. Kufikiri juu ya kurudi. Njia haizunguki, inakuacha mbali na pahali ulianzia. Wenye akili wanapeleka gari kwanza pahali pa mwisho, kisha wanatafuta mutu wa kuwapeleka pahali pa mwanzo. Hivi kila hatua inawakaribisha kwenye gari lao, na hawana haraka juu ya bisi.

7. Posho na muzigo. Chakula kikavu ni karibu gramu 800 kwa siku. Kwa siku 4 ni kilo 3 na gramu 200. Litre 2 za maji ni kilo 2. Jumla ni kilo 5 na gramu 200. Kuko kipimo cha zamani: saki isipite sehemu moja ya tano ya uzito wa mutu. Mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12. Basi kwa hema, blanketi, nguo na sufuria kunabaki kilo 6 na gramu 800 tu. Ndiyo sababu hawabebi posho ya mwezi muzima. Kisha siku 3 ao 5 wanashuka kwenye muji kununua, ao wanajitumia karto ku posta ya mbele. Lakini wanaangalia kalendari: siku ya yenga posta imefungwa.

8. Kutayarisha mwili. Miezi mitatu mbele, wanatembea na saki yenyewe na viatu vyenyewe, kwanza saa moja, kisha nusu ya siku, kisha siku mbili zenye kufuatana. Viatu vipya havianzi siku ya safari. Malengelenge madogo yenye hayakufungwa yamewarudisha nyumbani watu wenye nguvu sana.

9. Kujua hatari. Dubu mweusi anatafuta chakula, basi usiku chakula hakilali ndani ya hema; kinatundikwa juu ya muti ao kuwekwa katika sanduku la chuma. Kupe wa kule wanaleta ugonjwa wenye unaitwa Lyme. Kila mangaribi watembezi wanajichunguza ngozi. Maji ya muto yanachujwa ao kuchemshwa. Katika Pennsylvania, wakati wa joto, chemchem nyingi za juu ya mulima zinakauka. Mutu anabeba maji tangu chini.

10. Kuacha karatasi nyumbani. Ndani yake: siku ya kuanza, pahali pa kulala kila usiku, siku ya kumaliza, na siku gani familia inapaswa kuita usaidizi kama hakuna habari. Jambo hili si la kucheka. Mwaka 2013, katika Maine, mama mumoja wa miaka 66 alitoka kidogo tu kwenye njia, musitu ukamufunika, hakuiona tena. Alijaribu kutuma ujumbe kwa telefone, lakini haukupita. Alingoja kwa majuma. Walimutafuta sana. Mabaki yake yalionekana mwaka 2015 tu, si mbali na njia. Kwa hiyo wanafundisha vijana: ukipotea, simama. Rudi kwenye alama nyeupe ya mwisho yenye uliona kwa macho yako. Kama huioni, kaa pahali pa wazi na ufanye kelele. Beba filimbi, na usitegemee telefone peke yake.

SIKU YA KUMALIZA

Wenye wanamaliza vipande vyao, mara nyingi mwisho wao hauko juu ya Katahdin penye picha nzuri. Kipande cha mwisho kinaweza kuwa kilometre kumi za musitu wa kawaida katika Virginia, kati ya barabara mbili, bila jiwe la kumbukumbu, bila mutu wa kupiga mikono. Mutembezi anafika kwenye barabara yenye aliiacha miaka minane mbele, anaangalia kuume na kushoto, gari linapita. Ni ile tu. Lakini karte yake haina tena shimo.

Vijana, wengi kati yenu mumeacha kitu katikati: masomo, ufundi wa kushona ao wa kusudira, nyumba yenye ukuta ulisimama kwenye madirisha. Mupango wa hawa watembezi hauombi mulima. Unaomba daftari, kalamu, na mutu wa nyumbani wa kusema naye ukweli.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI

– Kitu gani katika nyumba yetu kilianzwa na hakikumalizwa? Kiliachwa pahali gani kabisa?

– Sababu ya kweli ya kukiacha ilikuwa nini? Ingaliko leo?

– Mama Gatewood alibadilisha upande na wakati. Sisi tunaweza kubadilisha nini?

– Kwa siku, pesa na nguvu zenye tuko nazo mwaka huu, kipande gani kidogo tunaweza kumaliza?